Wiki 12 za mazoezi ya nguvu kwa ajili ya sevu ya tenisi, Dodoma

Kwa wiki 12, tangu mwanzoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Agosti, nilihudhuria mafunzo ya nguvu na utimamu wa mwili yanayotolewa na ukumbi mdogo wa mazoezi hapa jijini Dodoma kwa wachezaji wa tenisi wanaotaka kuimarisha sevu, yaani ule mpigo wa kuanzisha mchezo. Ukumbi wenyewe sitautaja jina, kwa kuwa nina malalamiko ambayo nimeyawasilisha kwa wenyewe ana kwa ana, na naona si haki kuyatangaza kwa jina lao kabla hawajapata nafasi ya kuyarekebisha. Ninachokusudia ni kueleza kwa kirefu nilichofanyishwa, kilichonifaa na ambacho hakikunifaa, ili mchezaji mwenzangu anayefikiria kutoa fedha yake kwa mafunzo ya aina hii ajue cha kuuliza kabla hajalipa.

Nina umri wa miaka 44, natumia mkono wa kulia, na nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu wakati Serikali ilipokuwa ikihamishia shughuli zake huku. Dar es Salaam nilicheza tenisi kwa miaka mingi bila kuwahi kugusa vyuma. Hapa nacheza asubuhi tatu kwa wiki katika kiwanja cha saruji, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu tatizo langu lilikuwa lile lile: katika seti ya kwanza sevu ni ya kuridhisha, lakini ifikapo katikati ya seti ya pili mipira huanza kuishia wavuni, na kesho yake bega la kulia huuma kwa nyuma kiasi kwamba hata kufunga kilemba ni shida. Daktari aliniangalia akasema hakuna kilichochanika, ila misuli ya nyuma ya bega ni dhaifu ikilinganishwa na ya mbele, akanishauri nitafute mtu wa kunifanyisha mazoezi ya nguvu kwa utaratibu. Ada ya ukumbi huo ilikuwa shilingi 360,000 kwa vipindi 24, viwili kila wiki, kila kimoja cha dakika 75, ambayo ni sawa na shilingi 15,000 kwa kipindi.

Siku ya kwanza hatukugusa uzito wowote. Mwalimu, kijana ambaye hadi leo haachi kuniamkia shikamoo kabla ya kuniamuru nichuchumae, alikuwa amenitaka nije na video za sevu zangu zilizopigwa kwa simu, moja kutoka ubavuni na nyingine kutoka nyuma. Aliitazama ile ya ubavuni mara kadhaa, akaisimamisha pale raketi inapokuwa imeshuka mgongoni, akaniuliza, “Mama, hapa magoti yako yako wapi?” Magoti yalikuwa yamenyooka kabisa. Baada ya hapo alinitaka nisimame kwa mguu wa kushoto peke yake na kujishusha taratibu kwenye benchi, nikashindwa mara tatu mfululizo. Kisha alinilaza chali na kupima jinsi kila mkono unavyozunguka kuelekea ndani. Wa kulia ulikuwa umepungukiwa sana kuliko wa kushoto, jambo ambalo huwapata wengi wanaopiga mipira ya juu ya kichwa kwa miaka mingi. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari, na alirudi kuyapima tena katika wiki ya sita na ya 12.

Maelezo aliyonipa baada ya vipimo ndiyo yaliyonifanya nilipe ada yote kwa mkupuo mmoja. Sevu ndiyo mpigo pekee katika tenisi ambao mchezaji hausubiri mpira wa mpinzani wake, kwa hiyo kila kitu ndani yake kiko mikononi mwake mwenyewe, lakini nguvu ya mpigo huo haianzii mkononi. Huanzia ardhini: magoti yaliyokunjwa yanapokunjuka huusukuma mwili kwenda juu, nyonga huzunguka, kiwiliwili hufuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kifundo cha mkono kinachoifikisha raketi kwenye mpira. Wataalamu wa mwendo wa mwili wamekadiria kwa muda mrefu kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya sevu hutoka kwenye miguu, nyonga na kiwiliwili. Kwa wanaume wa kiwango cha juu, mkono huzunguka ndani ya bega kwa kasi inayozidi nyuzi 2,000 kwa sekunde karibu na wakati wa kukutana na mpira, na kasi ya namna hiyo misuli ya bega haiwezi kuizalisha peke yake. Inaipokea kutoka chini na kuiongeza. Miguu isipotoa mchango wake, bega hulazimika kufidia, na likifidia mara 60 au 70 katika asubuhi moja, hapo ndipo maumivu yangu yalipokuwa yakizaliwa.

Nimeingia katika kumbi nyingine mbili kabla ya hii. Zote, niliposema tu kwamba nataka sevu yenye nguvu, zilinielekeza kwenye mashine ya kusukuma kwa kifua na dambeli za kuinua juu ya kichwa. Mazoezi hayo si mabaya, lakini kwa mtu ambaye misuli yake ya mbele tayari imeizidi ya nyuma, yanaongeza tatizo alilokuja nalo.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa karibu zote za miguu na mgongo. Tulifanya skwati tukiwa na chuma begani, kuinua chuma kutoka sakafuni, kupiga hatua ndefu mbele huku tumeshika dambeli, na kupanda benchi kwa mguu mmoja. Skwati nilianza na chuma kitupu cha kilo 20, na kufikia wiki ya nne nilikuwa nainua kilo 45 mara tano kwa mkupuo. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine tulipumzika dakika mbili hadi tatu kamili, kwa saa, na wenzangu waliodhani kupumzika ni uvivu walikatazwa kuendelea kabla ya muda. Mguu wa kushoto ulipewa kazi ya ziada, na sababu yake sikuwahi kuifikiria: anayetumia mkono wa kulia, baada ya kupiga sevu, hutua ndani ya kiwanja kwa mguu wa kushoto, na mguu huo ndio unaosimamisha uzito wote wa mwili uliokuwa ukielekea mbele. Kwenye saruji, ambayo haina huruma kwa magoti wala kwa kiuno, mguu usio na breki huupeleka mshtuko huo juu. Kwa hiyo nilijishusha kwa mguu wa kushoto taratibu, kwa hesabu ya nne, mara nane, mikupuo mitatu, kila kipindi, hadi zoezi nililoshindwa siku ya kwanza nikaweza kulifanya nikiwa nimeshika dambeli ya kilo 6.

Mpango mzima uligawanywa katika awamu tatu ambazo uzito, idadi ya marudio na kasi vilibadilika. Huo ni utaratibu wenye msingi. Mwaka 2003 William Kraemer na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miezi tisa wanawake wanaocheza tenisi vyuoni, na wale ambao uzito na marudio yao yalibadilishwa kwa mpango waliongeza kasi ya sevu kuliko wale waliorudia kiwango kile kile siku zote.

Awamu ya pili, kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, ilihusu kurusha mpira mzito wa mazoezi. Tuliurusha kwenye ukuta wa nyuma ya jengo tukiwa tumesimama ubavu na kuzungusha nyonga kwanza, tukaurusha kutoka juu ya kichwa kwa mikono miwili, na tukaubamiza chini kwa nguvu zote. Mipira ilikuwa ya kilo 2, 3 na 5. Nilipochukua wa kilo 5 kwa hiari yangu, mwalimu aliutazama mrusho mmoja tu akanirudisha kwenye wa kilo 2, akaeleza kwamba lengo la awamu hii ni kasi, na kwamba mpira ukiwa mzito kupita kiasi mwili hujifunza kwenda polepole. Tulirusha mara sita kwa kila mkupuo, si zaidi, na kila mrusho ulitakiwa uwe wa nguvu zote. Katika wiki ya saba ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza, nikiwa kiwanjani, kwamba nyonga imetangulia na mkono umefuata nyuma yake. Sikuwa nimekusudia, ilitokea yenyewe.

Sehemu ninayoisifu kuliko zote ni ile iliyochukua dakika kumi tu mwanzoni mwa kila kipindi, yaani mazoezi ya bega kwa raba, ule mkanda wa mpira unaovutika. Bega lina misuli minne midogo inayokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya kikombe chake, na baadhi yake, ile ya nyuma, ndiyo inayoupunguzia mkono mwendo baada ya mpira kuondoka. Mtu akijenga misuli ya kurusha bila kujenga ya kuzuia, ni kama kuongeza injini kwenye gari bila kugusa breki. Wataalamu wengi hupendekeza nguvu ya kuzungusha mkono kuelekea nje isipungue theluthi mbili ya nguvu ya kuuzungusha kuelekea ndani, na mimi nilikuwa mbali chini ya hapo. Zoezi la msingi lilikuwa hivi: kiwiko kimebanwa ubavuni kwa taulo iliyokunjwa, raba imefungwa kwenye nguzo, mkono unavuta kuelekea nje na kurudi taratibu kwa hesabu ya tatu, mara 15. Baadaye tuliinua kiwiko hadi usawa wa bega, kwa sababu sevu haipigwi kiwiko kikiwa ubavuni. Tulifanya pia mazoezi ya kuvuta mabega nyuma ili ule mfupa bapa wa mgongoni utulie mahali pake, pamoja na kulala ubavu wa kulia na kuusukuma taratibu mkono wa kulia kuelekea sakafuni ili kurudisha mzunguko uliopotea. Hadi wiki ya 12 sehemu kubwa ya mzunguko huo ilikuwa imerudi, na maumivu ya kesho yake yalikuwa yamekoma tangu katikati ya Julai. Raba yenyewe niliinunua mjini kwa shilingi 12,000, na naendelea kuitumia nyumbani kila siku nisiyocheza.

Misuli ya tumbo nayo haikusahauliwa. Katika sevu kiwiliwili hupinda kwenda nyuma kisha hujikunja mbele kwa ghafla, na upande wa tumbo ulio kinyume na mkono unaopiga ndio unaobeba mzigo mkubwa. Julai 2022 Rafael Nadal alijitoa Wimbledon kabla ya nusu fainali dhidi ya Nick Kyrgios kwa sababu ya msuli wa tumbo uliochanika kwa milimita 7, akaeleza kwamba asingeweza kupiga sevu kwa kasi inayohitajika. Tulijilaza kwa viwiko na vidole vya miguu, tukavuta raba kwa mshazari, tukatembea tumebeba dambeli nzito kwa mkono mmoja. Hayo yanatosha.

Kuna mambo mawili ya Dodoma ambayo mafunzo haya yanayagusa, na mtu aliyezoea pwani ni vizuri ayajue. La kwanza ni upepo wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma kwa nguvu, pamoja na vumbi lake, na mpira uliorushwa juu kwa ajili ya sevu hauangukii pale ulipokusudiwa. Wengi wetu hujitetea kwa kuurusha chini zaidi, lakini mrusho mfupi huacha muda mdogo wa kukunja magoti na kuyakunjua, na hapo mtu hurudi kupiga kwa mkono peke yake. Awamu ya tatu, ya wiki nne za mwisho, ililenga hasa jambo hilo: miruko mifupi na ya haraka, ili miguu iweze kushuka na kupanda ndani ya muda mdogo huo. La pili ni hewa. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Mpira hupata ukinzani mdogo njiani, hivyo huenda mbali zaidi, na mzunguko unaoufanya ushuke ghafla baada ya kuvuka wavu haushiki kama unavyoshika pwani. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zina mpira maalumu wa nyanda za juu, lakini ni kwa maeneo yaliyozidi mita 1,219, kwa hiyo sisi tumebaki chini kidogo ya mpaka huo na tunacheza kwa mipira ya kawaida. Boksi la kupokelea sevu lina urefu wa mita 6.40 tu kutoka wavuni. Ili sevu ya pili, ile inayopigwa ya kwanza ikikosea, iangukie humo ni lazima mpira uzungushwe zaidi, na kuuzungusha zaidi ni kuipeleka raketi kutoka chini kwenda juu kwa kasi, kazi ambayo tena inarudi kwenye miguu na kiwiliwili. Miezi yangu ya mwanzo hapa nililaumu mipira. Kumbe nilikosa nguvu ya kuizungusha.

Kuhusu matokeo, sikutaka kutegemea hisia. Mwishoni mwa Mei, kabla sijaanza, nilipiga sevu kumi asubuhi isiyo na upepo huku simu ikirekodi fremu 240 kwa sekunde, kisha nikahesabu fremu tangu raketi igusane na mpira hadi mpira utue karibu na mstari wa boksi, umbali wa takriban mita 18. Wastani ulikuwa fremu 150. Mwanzoni mwa Septemba, kiwanja kile kile na saa ile ile, wastani ulikuwa fremu 138. Kwa hesabu hiyo, kasi ya wastani njiani ilipanda kutoka takriban kilomita 104 kwa saa hadi takriban kilomita 113. Isilinganishwe na takwimu za runingani, kama ile ya kilomita 253 kwa saa aliyoipiga John Isner mwaka 2016, kwani rada hupima mpira unapotoka tu kwenye raketi, kabla hewa haijaupunguza mwendo. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni lile la seti ya pili: katika sevu 40 nilizopiga nikiwa nimechoka baada ya seti mbili, mwezi Mei ziliingia 17, na Septemba ziliingia 24. Ni lazima niseme pia kwamba katika kipindi hicho nilijifunza kukunja magoti, jambo ambalo ni la ufundi na si la nguvu, kwa hiyo siwezi kuvipa vyuma sifa yote. Hata hivyo magoti hayo yasingekunjika na kukunjuka mara 60 bila miguu iliyofanyishwa kazi.

Sasa malalamiko. Kubwa zaidi linahusu miruko ya awamu ya tatu. Boksi la kurukia lilikuwa moja, la urefu wa sentimita 60, na sote tuliamriwa kulirukia na kushuka kwa kuruka, wavulana wa sekondari pamoja na sisi wenye miaka 40 na kuendelea, juu ya sakafu ya saruji iliyotandikwa zulia jembamba. Baada ya vipindi viwili goti langu la kushoto liliuma kwa wiki nzima. Nilipolalamika niliwekewa ngazi ya sentimita 30 na kuambiwa nishuke kwa kutembea, na goti likatulia. Lakini jambo hilo lilipaswa kuamuliwa kwa daftari lile lile la vipimo, si kwa maumivu ya mteja. Mwalimu mwenye uangalifu mkubwa namna ile kwenye bega hakupaswa kuwa mzembe kwenye goti, na nilimwambia hivyo kwa heshima.

Tuliahidiwa pia kwamba kundi halitazidi watu wanne kwa mwalimu mmoja. Kufikia wiki ya saba tulikuwa wanane, na siku hizo skwati zangu hazikutazamwa na mtu. Vilevile ukumbi ulifungwa siku nne kwa matengenezo, vipindi viwili vikapotea, na havikufidiwa hadi nilipodai kwa maandishi.

Upungufu mwingine ni wa mpango wenyewe. Katika vipindi vyote 24 mwalimu hakufika kiwanjani hata mara moja. Nguvu iliyojengwa ukumbini haihamii kwenye sevu yenyewe bila kuelekezwa, na anayetufundisha tenisi hakujua tunafanyishwa nini, kiasi kwamba kuna Jumatano alinipigisha sevu 100 siku iliyofuata baada ya skwati nzito. Watu hawa wawili wangezungumza kwa dakika tano kila wiki, ningefaidika zaidi na ningechoka kidogo. Anayetaka kujiunga na mafunzo kama haya aulize kwanza jambo hilo, kisha aulize iwapo bega litapimwa kabla ya kuanza. Wasipopima bega, asilipe.

Kwa mchezaji wa chini ya miaka 16 ningeshauri mzazi akae naye katika vipindi vya mwanzo na aone uzito anaopewa. Kwa mtu mzima mwenye maumivu makali au ya muda mrefu, hospitali itangulie.

Nimelipia wiki nyingine nane kuanzia Oktoba, kwa masharti matatu niliyoyaandika kwenye fomu nao wakayatia saini: kundi lisizidi watu wanne, mimi nisiruke zaidi ya sentimita 30, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, mwalimu aje kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ijumaa ya kwanza amekwisha kuja. Aliniamkia, akasimama nyuma ya mstari na daftari lake, akahesabu sevu ambazo sikukunja magoti ipasavyo: zilikuwa 11 kati ya 40.